Swali moja la Bob Marley kila siku mpaka fainali ya snuka iishe

BesiNzito · 18 Aprili

Wakuu, salaam. Uzi huu una mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai jukwaa moja: Bob Marley na snuka ya kwenye runinga, ule mchezo wa kupiga mipira ya rangi kwa fimbo juu ya meza yenye mashimo. Viongozi wa jukwaa wakitaka kuuhamisha, sawa, ila naomba usikatwe vipande viwili. Vikitenganishwa hautaeleweka.

Kisa chake ni hiki. Mimi na mzee wangu tunaishi mbali mbali. Kwa miaka mingi simu zetu zilikuwa za dakika mbili: shikamoo, marahaba, kazi inaendaje, afya, haya usiku mwema. Hatukuwa tumegombana. Maneno yalikuwa yanatuishia tu. Mzee ni mtu wa snuka tangu nikiwa mdogo, na mimi ni mtu wa rege. Nyumbani sebule ilikuwa moja, kwa hiyo nilipofika sekondari tukapatana: runinga yake, redio yangu. Yeye anatazama mipira, sauti ya mtangazaji imezimwa, mimi nimeweka kanda. Nimekua nikiona meza ya kijani huku besi ya Aston "Family Man" Barrett, mpiga besi wa bendi ya Bob, inatembea chini yake.

Mwaka juzi wakati wa mashindano ya dunia nilimpigia kwenye mapumziko. Nikakosa la kusema, nikajikuta namuuliza: "Baba, Bob Marley alikuwa anajifunza kazi gani kabla ya muziki?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Kuchomelea vyuma. Kipande kikamruka jichoni, akaacha." Nilibaki nimeshika simu. Miaka yote ile nilidhani anavumilia kelele zangu, kumbe alikuwa anasikiliza, hata yale maelezo niliyokuwa nawasomea wadogo zangu kwa sauti kutoka kwenye jalada la kanda.

Halafu akanirudishia la kwake: "Mpira wa kahawia una pointi ngapi?" Sikujua. Ni nne.

Tangu siku hiyo, siku zote 17 za mashindano, swali moja linakwenda na moja linarudi. Sharti lake mzee: hakuna kuchungulia intaneti, jibu litoke kichwani. Mwaka huu nimeona niyalete na hapa. Leo Crucible kule Sheffield wamefungua, kwa hiyo tunaanza:

Usiku wa kuamkia 18 Aprili 1980, Bob Marley alikuwa uwanja gani, na kwa nini?

MezaKijani · 18 Aprili

Rufaro, Salisbury, ambayo sasa ni Harare. Zimbabwe ilikuwa inazaliwa usiku ule. Nimewahi mkuu.

Na kwa wasiojua snuka: hayo mashindano yako Crucible tangu 1977. Ni ukumbi wa maigizo, si uwanja wa michezo. Viti havifiki elfu moja, na aliyekaa mstari wa mbele anaweza kuona chaki kwenye ncha ya fimbo.

DadaWaKanda · 18 Aprili

Rufaro ni sahihi, ila hapo pana mambo zaidi. Gharama za kusafirisha vyombo Bob alizibeba mwenyewe. Watu waliokuwa nje wakasukuma kuingia, polisi wakapiga mabomu ya machozi, na moshi ukafika mpaka jukwaani. Bendi ikatoka, Bob akarudi kumalizia. Kesho yake wakapiga tena kwa ajili ya waliokosa nafasi. Hicho kipande cha kesho yake ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

BesiNzito · 18 Aprili

Asante sana dada. Mzee alijibu "Zimbabwe", uwanja akausahau. Nimempa nusu, na nusu hiyo ameilalamikia mpaka simu ikakatika.

Mgeni_Mpya · 19 Aprili

Bob Marley niko naye pamoja kabisa. Ila hii snuka naomba mnisaidie kwa moyo safi, si kwamba nakejeli. Jana nimejaribu kutazama, nikaona mtu anazunguka meza, anainama, anapiga, anarudi kukaa. Nikalala. Mnaona nini ambacho mimi sikioni?

BesiNzito · 19 Aprili

Mkuu, hilo swali nililiuliza miaka mingi, tena kwa hasira kuliko wewe. Ngoja nikueleze kama mzee alivyonieleza.

Hesabu kwanza. Fimbo inapiga mpira mweupe tu, na huo ndio unaogonga mingine. Nyekundu ziko 15, kila moja pointi 1. Njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6, nyeusi 7. Ukizamisha nyekundu unapewa ruhusa ya kupiga rangi moja. Rangi inarudishwa mezani, nyekundu hairudi. Nyekundu zikiisha, rangi zinapigwa kwa mpangilio kuanzia njano mpaka nyeusi, na hapo hazirudi tena. Mtu akizamisha nyekundu zote 15, kila moja ikifuatiwa na nyeusi, kisha akafagia rangi zote, anapata 147. Hiyo ndiyo inayofanya ukumbi mzima usimame.

Sasa siri yenyewe. Mzee alisema: "Usitazame mpira unaoingia shimoni. Tazama mweupe unasimama wapi." Siku hiyo nikauacha mpira mwekundu uende zake, macho nikayaweka kwenye mweupe. Ukagonga, ukarudi nyuma taratibu kama mtu aliyesahau kitu ndani, ukagusa ukingo, ukatoka, ukasimama. Nyeusi ikawa imenyooka mbele yake. Nikamwona yule mchezaji hata hashangai, ameshaanza kutembea kwenda mahali pa kusimama kabla mpira haujatulia. Alikuwa ameiona nyeusi ile kabla ya kupiga nyekundu. Na nyekundu ya baada yake. Na ya baada ya hiyo.

Mimi nilielewa kwa sababu ya rege. Ngoma za Carlton Barrett, mdogo wake Family Man, ule mpigo unaoitwa wan dropu: ukihesabu moja mbili tatu nne, kwenye moja hakuna kitu. Pigo lenye nguvu katika muziki mwingine yeye analiacha wazi, uzito wote anauweka kwenye tatu. Mtu asiyezoea anasikia kama ngoma imechelewa. Aliyezoea anaanza kuisikia ile moja isiyopigwa, na mwili ndipo unapoyumbia. Snuka nayo ni hivyo hivyo. Pointi zinahesabiwa shimoni, mchezo wenyewe uko pale mweupe ulipotulia, pasipo na pointi yoyote.

Jaribu leo mkuu. Fremu moja tu, yaani raundi moja ya mchezo, macho kwenye mweupe.

Swali la leo nalifanya jepesi: "No Woman, No Cry" maana yake nini?

Chaki_Buluu · 19 Aprili

Bila mwanamke hakuna kulia. Yaani ukitaka amani kaa peke yako. Hii hata mtoto anaijua.

DadaWaKanda · 19 Aprili

Hapana kaka yangu, hilo ndilo kosa ambalo nimelisikia kwenye madaladala, kwenye harusi na hata redioni. Ni Kijamaika. Ni "la, mwanamke, usilie". Sikiliza beti zenyewe: anamkumbusha mwanamke siku walizokaa uani Trenchtown, mtaa wa Kingston, uji unapikwa, moto unawaka usiku, marafiki wazuri waliowapata na wengine waliowapoteza. Mtu anayefuta machozi ya mwenzake hawezi kuwa anamfukuza.

Na kitu kingine: kwenye karatasi mtunzi aliyeandikwa ni Vincent Ford, rafiki wa Bob aliyekuwa akilisha watu pale Trenchtown. Toleo ambalo wengi tunalo masikioni lilirekodiwa jukwaani, Lyceum, London, Julai 1975.

Chaki_Buluu · 19 Aprili

Dada nimeusikiliza upya wimbo wote kwa makini. Uko sahihi. Miaka yote nilikuwa naimba wimbo mwingine.

BesiNzito · 21 Aprili

Jana sikuweka swali, niwieni radhi, nilikuwa safarini. Mzee alinipigia mwenyewe kunidai.

Leo ni tarehe ninayoisubiri kila mwaka, kwa sababu pande zote mbili za uzi zinakutana.

Swali la kwanza: 21 Aprili 1966 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia ambaye Marasta wanamwabudu, alitua Kingston, na umati wa Marasta ukaufunika uwanja wa ndege. Bob Marley alikuwa wapi?

Swali la pili ni la mzee: 21 Aprili 1997 nani alifanya nini Crucible?

MezaKijani · 21 Aprili

La pili niachieni mimi. Ronnie O'Sullivan, 147 dhidi ya Mick Price. Kwa miaka mingi iliandikwa dakika 5 na sekunde 20, baadaye wakaipima upya kwenye mkanda ikawa dakika 5 na sekunde 8. Mapigo 36. Gawanya uone: hazifiki sekunde tisa kwa pigo, pamoja na kutembea, kupaka chaki na kumsubiri mwamuzi arudishe nyeusi mahali pake. Mimi hucheza, na sekunde tisa hazinitoshi hata kuchagua upande wa meza.

DadaWaKanda · 21 Aprili

La kwanza: Bob hakuwepo! Alikuwa Delaware, Marekani, alikohamia mama yake, akitafuta pesa. Alikuwa amemwoa Rita tarehe 10 Februari mwaka huo huo, akaondoka. Aliyekwenda kumwona mfalme ni Rita, na anasema mfalme alipopunga mkono aliona alama kwenye kiganja, kama ya msumari. Akamwandikia Bob barua. Kwa hiyo siku kubwa kuliko zote katika imani yake, Bob aliipata kwa barua.

BesiNzito · 21 Aprili

Mzee alikosea la kwanza, alisema "uwanjani pale pale". Nilipomweleza akakaa kimya, kisha akasema: "Kwa hiyo naye alikuwa anapata habari za nyumbani kwa mbali." Hakuongeza neno, na mimi sikuongeza. Ila hatukukata simu haraka.

Mgeni_Mpya · 22 Aprili

Wakuu nimerudi. Nimetazama mweupe. Fremu tatu. Sikulala.

Kuna mahali jamaa hakutaka hata kuzamisha. Aliugusa mpira kidogo tu, mweupe ukaenda kujificha nyuma ya kahawia, na mwenzake akasimama pale muda mrefu hajui apite wapi. Nikajikuta nimekaa ukingoni mwa kiti. Hiyo inaitwaje?

MezaKijani · 22 Aprili

Hiyo ndiyo snuka yenyewe mkuu! Inaitwa kwa jina lile lile la mchezo. Umemfunga mwenzako njia ya moja kwa moja, inabidi apigie ukingoni azunguke. Akikosa ni pointi zako, zisizopungua nne. Karibu sana.

BesiNzito · 22 Aprili

Umenifurahisha sana Mgeni, siwezi kukuficha.

Swali la leo: 22 Aprili 1978, Uwanja wa Taifa, Kingston. Bob aliwashika mikono wanaume wawili akaiunganisha juu ya kichwa chake. Kina nani?

Chaki_Buluu · 22 Aprili

Hii ya kwangu. Michael Manley, waziri mkuu, na Edward Seaga wa upinzani. Wafuasi wao walikuwa wanauana mitaani. Na Bob mwenyewe alikuwa amepigwa risasi nyumbani kwake Desemba 1976, siku mbili kabla ya tamasha, akapanda jukwaani na majeraha. Baada ya hapo akaondoka Jamaika, akakaa London, ndiko alikorekodi albamu ya Exodus. Ile siku ya mikono ilikuwa ya kurudi kwake.

BesiNzito · 22 Aprili

Kamili. Nami naongeza kitu nilichokigundua kwa kupanga tarehe. Siku ile ile Bob anashika mikono ya wale wawili, Crucible walikuwa katikati ya mashindano ya 1978, na mwaka huo ndio BBC ilianza kuyaonyesha kila siku. Aliyeshinda ni Ray Reardon, taji lake la sita, akiwa na miaka 45, mtu aliyewahi kuwa mchimba makaa ya mawe na baadaye polisi. Rekodi yake ya bingwa mwenye umri mkubwa ilikaa mpaka 2022, Ronnie alipoivunja akiwa na miaka 46. Nawaweka watu hawa wawili kwenye juma moja kichwani mwangu, Bob na Reardon, na sijui kwa nini inanipa raha hivi.

MezaKijani · 23 Aprili

BesiNzito naomba nikutangulie leo. 23 Aprili 1983: Cliff Thorburn wa Kanada, 147 ya kwanza katika historia ya Crucible. Nyekundu ya kwanza kabisa iliingia kwa bahati, hakuikusudia. Baada ya hapo hakubahatisha tena. Meza ya pili wakasimamisha mchezo, Bill Werbeniuk akawa anachungulia pembeni mwa kile kiambaza kinachotenganisha meza. Nyeusi ya mwisho ilipoingia, Thorburn akaanguka magotini.

BesiNzito · 28 Aprili

Siku kadhaa nimekuwa naweka swali tu na kukimbia, leo nina muda.

Swali la Bob leo lilikuwa dogo: alikuwa anafanya kazi kiwanda gani Marekani? (Chrysler, magari, Delaware. Mzee alilipata.) Ila swali la mzee limekula saa nzima: "Niambie fainali ya 1985 bila kuruka kitu."

Nikajitahidi. Steve Davis, bingwa, anaongoza 8 kwa 0. Dennis Taylor wa Ireland Kaskazini, miwani yake mikubwa kama imewekwa juu chini ili aone vizuri akiinama, anapanda polepole. 17 kwa 17. Fremu ya mwisho inachukua dakika 68. Davis ana 62, Taylor 44, zimebaki nne. Taylor anazamisha kahawia, bluu, pinki: 59. Imebaki nyeusi peke yake mezani, anayeizamisha ndiye bingwa wa dunia. Saa sita ya usiku imepita, Uingereza watu milioni 18.5 hawajalala. Wanaikosa kwa zamu. Davis anapata nafasi ya kuikata kwenye kona, anaikosa. Taylor anaizamisha.

"Umeruka kitu," mzee akasema. Nikajiuliza nini. "Taylor hakuwa ameongoza hata mara moja fainali yote. Mara ya kwanza kuongoza ni mpira ule wa mwisho."

Mgeni_Mpya · 28 Aprili

Nimesoma hii mara mbili. Mwambie mzee shikamoo yake.

BesiNzito · 28 Aprili

Amesema marahaba, na anauliza kama umeshajifunza pointi za kahawia.

Mgeni_Mpya · 28 Aprili

Nne.

BesiNzito · 1 Mei

Leo nataka kusema kitu kinachonikaa moyoni. 1 Mei 2011 alifariki Ted Lowe, mtangazaji wa snuka, siku ya fainali. Huyu alikuwa ananong'ona. Alizoea hivyo tangu enzi alipokuwa akitangaza akiwa amekaa katikati ya watazamaji, hawezi kupaza sauti asije akamsumbua mchezaji. Runinga za rangi zilipoanza BBC2 ikaleta kipindi cha Pot Black, 1969, kwa sababu mchezo wa mipira ya rangi ulifaa kuzionyesha. Lowe huyo huyo ndiye aliyewahi kuwaambia wenye runinga za nyeusi na nyeupe kwamba pinki iko karibu na kijani.

Nilipomsikia mara ya kwanza, kwenye mkanda wa zamani, nilijua nilichomnyima mzee miaka yote ile sebuleni. Ule mnong'ono ni nusu ya mchezo. Anakaa kimya muda mrefu, anasema maneno matano, ananyamaza tena. Nilimpigia mzee nikamwomba radhi. Akasema: "Sauti ningeiongeza kama ningetaka, mwanangu. Kidhibiti kilikuwa mkononi mwangu."

DadaWaKanda · 1 Mei

Hapo umenigusa. Nimekaa nacho kidogo.

BesiNzito · 4 Mei

Fainali leo, wa kwanza kufikisha fremu 18. Sina swali la Bob mpaka iishe. Nimefunga mlango.

MezaKijani · 4 Mei

Na mimi. Tukutane baadaye.

BesiNzito · 11 Mei

Wakuu, najua mashindano yameisha wiki iliyopita na uzi ulikuwa wa siku 17. Ila leo ni 11 Mei.

Sikupanga kumuuliza mzee chochote. Kwenye runinga hakuna snuka, na ile saa yetu ya mapumziko haipo tena. Simu ikaita saa ile ile.

"Leo nauliza mimi," akasema, "na si snuka. 23 Septemba 1980, Bob alikuwa mji gani?"

Nikamjibu: Pittsburgh. Onyesho lake la mwisho. Siku mbili kabla alikuwa ameanguka akikimbia kwenye bustani ya Central Park, New York, saratani iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu imeshapanda kichwani, na bado akaimba onyesho zima. Baada ya hapo hospitali, Ujerumani, kisha safari ya kurudi nyumbani aliyoishia Miami, 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

"Na walimzika na nini?"

Nikasema gitaa lake na Biblia.

"Wapi?"

Nine Mile, Saint Ann, kijijini alikozaliwa.

Akanyamaza. Nikasikia nyuma yake kitu kinalia, mbali, redio au simu ya mtu. Nikatega sikio. Moja haina kitu, mbili, tatu ndiyo hiyo. Nikamwambia, "Baba, umeweka kanda?"

"Nimeweka," akasema. "Ngoja niongeze sauti."